Daftari lisilo na karani: Kwa nini watu huithamini sarafu ya kidijitali

SOKO la Lubao, lililo kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kuelekea Webuye, limepata sifa kote nchini kwa bidhaa isiyopatikana katika masoko mengi: mbwa. Wauzaji huwaleta wakiwa wamefungwa kamba, wanunuzi huwakagua, bei hutajwa na kukataliwa, na baada ya majadiliano mwafaka hupatikana. Mlipaji akishatoa noti mfukoni au kutuma fedha kwa simu ya mkono, kila mtu hushika njia yake.

Maadamu mwuzaji na mnunuzi wanaonana ana kwa ana na wote wawili wanaiamini shilingi, hawana haja kubwa ya fedha ya aina nyingine. Hata hivyo, mamilioni ya watu duniani, wakiwemo Wakenya wengi, wanatumia sarafu isiyotolewa na serikali yoyote, isiyosimamiwa na benki yoyote na isiyoshikika mkononi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 asilimia 8.5 ya Wakenya walimiliki sarafu za kidijitali. Kiwango hicho kiliiweka Kenya katika nafasi ya tano ulimwenguni.

Makala haya yanaeleza sarafu hizo ni kitu gani, kwa nini watu huzithamini, na kwa nini sifa ileile inayozipa thamani ndiyo iwezayo kumfilisi mtumiaji asiyeielewa.

Fedha ni ahadi

Kabla ya ukoloni, jamii za magharibi mwa Kenya zilipima thamani kwa ng'ombe, mbuzi, shanga na majembe ya chuma. Wahunzi wa Kisamia walisifika kwa majembe yao, ambayo yalilima mashamba na pia yalitumika kulipia mahari. Jembe lilikuwa na faida moja kubwa: hata likikataliwa sokoni, mwenyewe angeweza kulitumia shambani.

Utawala wa kikoloni uliikuta rupia ya Kihindi ikitumika pwani na ukaieneza bara. Mwaka wa 1920 rupia iliondolewa na florini ikachukua nafasi yake. Kabla watu hawajaizoea florini, shilingi ya Afrika Mashariki iliingia mwaka wa 1921. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka wa 1966 na kuanza kutoa shilingi ya Kenya mwaka huo huo.

Noti ya shilingi haina manufaa ya jembe. Thamani yake inatokana na ahadi: kwamba sheria inaitambua, kwamba serikali itaipokea kama ushuru, na kwamba Benki Kuu haitachapisha noti nyingi kupita kiasi. Kwa siku nyingi za mwaka ahadi hiyo hutimizwa, na ndiyo sababu hakuna anayeifikiria.

Lakini ahadi iliyoandikwa na wenye mamlaka inaweza kuandikwa upya. Wakazi wa Kakamega wana ushahidi wa jambo hilo katika historia yao. Sheria ya mwaka wa 1930 ya kulinda ardhi za Waafrika iliahidi kwamba ardhi ikitwaliwa, wenyewe wangepewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka uliofuata dhahabu iligunduliwa Kakamega, na wachimbaji wakamiminika. Mwishoni mwa 1932 sheria hiyo ilirekebishwa ili wenye ardhi waweze kulipwa fidia ya fedha tu. Ahadi ilikuwa haijamaliza hata miaka mitatu.

Kwa upande wa fedha zenyewe, mifano ya karibu ni mingi. Nchini Uganda, mnamo Mei 1987, shilingi 100 za zamani ziligeuzwa kuwa shilingi moja mpya, na serikali ikakata asilimia 30 juu ya ubadilishaji huo. Nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka wa 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Wakazi wa Kasai walikataa kabisa kuzipokea noti hizo mpya. Zimbabwe, mwanzoni mwa 2009, ilitoa noti ya dola trilioni 100 ambayo thamani yake iliyeyuka upesi.

Kenya haijafika huko. Hata hivyo, mwaka wa 2019 Benki Kuu iliifuta noti ya zamani ya shilingi 1,000 kwa nia ya kupambana na fedha haramu na noti bandia, na ikawapa wananchi hadi Septemba 30 kuzibadilisha. Muda ulipokwisha, noti zenye jumla ya takriban shilingi bilioni 7.4 zilikuwa hazijarudishwa, na zikabaki karatasi tupu.

Ni katika mazingira ya aina hii ambapo mtu huanza kuuliza: je, yawezekana kuwepo fedha ambayo kanuni zake haziwezi kubadilishwa na ofisi moja?

Daftari ni la nani?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ndiyo njia fupi zaidi ya kuielewa sarafu ya kidijitali.

Tangu Machi 2007, M-Pesa ya kampuni ya Safaricom imewazoesha Wakenya kutumia fedha wasizozishika. Mkulima wa Lubao anapomtumia mwanawe aliye Nairobi shilingi 2,000, hakuna noti inayosafiri. Kinachobadilika ni maandishi katika daftari la kampuni: akaunti moja imepungua, nyingine imeongezeka. Fedha zenyewe hukaa benki katika akaunti za amana.

Utaratibu huo una karani mmoja, nao una faida zake. Ukituma fedha kwa nambari isiyo sahihi, kuna mtu wa kupigiwa simu. Ukisahau nambari yako ya siri, unaweza kupewa nyingine ukionyesha kitambulisho. Lakini karani huyo ndiye anayepanga ada, ndiye anayeweza kuifunga akaunti, na mitambo yake ikikwama, malipo hukwama nchi nzima.

Benki nazo ni makarani wa namna hiyo hiyo. Jambo jipya lililoletwa na Bitcoin ni daftari lisilo na karani.

Jinsi Bitcoin inavyofanya kazi

Mnamo Oktoba 31, 2008, mtu au kundi lililojiita Satoshi Nakamoto lilichapisha kwenye intaneti waraka wa kurasa tisa ulioeleza fedha ya kielektroniki isiyohitaji benki. Mtandao wenyewe ulianza kufanya kazi Januari 3, 2009. Hadi leo mwanzilishi huyo hajajulikana ni nani.

Daftari la Bitcoin linanakiliwa katika maelfu ya tarakilishi kote duniani, na yeyote anaweza kulisoma. Mtu anapotaka kulipa, hutangaza malipo yake kwa mtandao mzima. Tarakilishi hizo huthibitisha mambo mawili: kwamba mlipaji anazo sarafu hizo, na kwamba hajazitumia mahali pengine. Takriban kila baada ya dakika 10, malipo mapya hukusanywa katika fungu moja na kufungamanishwa na mafungu yaliyotangulia, mithili ya pete za mnyororo. Anayetaka kughushi ukurasa wa zamani itambidi aghushi kurasa zote zilizofuata, mbele ya macho ya mtandao mzima.

Wanaofanya kazi ya kufunga mafungu hayo huitwa wachimbaji. Hushindana kwa nguvu za tarakilishi na kutumia umeme mwingi, na mshindi hupata sarafu mpya. Idadi ya sarafu hizo mpya hupunguzwa kwa nusu takriban kila miaka minne. Tangu Aprili 2024 mshindi hupewa Bitcoin 3.125 kwa kila fungu. Jumla ya Bitcoin zote haitazidi milioni 21. Kubadilisha kanuni hiyo kungehitaji ukubalifu wa watumiaji walio wengi katika mtandao, na watumiaji hao hawana sababu ya kukubali kupunguziwa thamani ya walicho nacho.

Mmiliki hutambuliwa kwa ufunguo wa siri, yaani msururu mrefu wa tarakimu ambao aghalabu huandikwa kama maneno 12 au 24. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali. Haulizwi jina, kabila, uraia wala kitambulisho.

Kuvuka mipaka

Sababu ya kwanza ya watu kuzithamini sarafu hizi ni malipo ya nje ya nchi. Ndani ya Kenya, kutuma fedha ni jambo jepesi. Kutoka nje, mambo hubadilika. Takwimu za Benki ya Dunia za 2023 zilionyesha kwamba kutuma dola 200 katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuligharimu takriban asilimia 8 kwa wastani, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 kufikia mwaka wa 2030. Asilimia 8 ya dola 200 ni dola 16, yaani zaidi ya shilingi 2,000 kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola. Kwa familia ya kijijini hiyo ni bei ya sare ya shule.

Fedha zenyewe si haba. Mwaka wa 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Ndiposa baadhi yao, pamoja na vijana wanaofanyia kampuni za ng'ambo kazi za mtandaoni, wamegeukia sarafu za kidijitali. Mlipaji aliye Doha au Toronto hutuma sarafu, nazo hufika kwa dakika chache. Mpokeaji huziuza kwa Mkenya mwingine katika soko la mtandaoni na kulipwa shilingi kupitia M-Pesa. Soko hilo huzishikilia sarafu hadi mwuzaji athibitishe kwamba shilingi zimeingia.

Mbinu hii ya kubadilishana moja kwa moja baina ya watu ndiyo iliyoipa Kenya nafasi ya kwanza duniani katika kipengele hicho, kwa mujibu wa orodha ya mwaka wa 2021 ya Chainalysis, kampuni ya utafiti wa sarafu hizi. Ni vyema kutambua kwamba mafanikio hayo yanaegemea M-Pesa. Daftari lisilo na karani lilipata mlango wa kuingilia Kenya kwa sababu daftari lenye karani lilikuwa limekwisha kuenea kila kijiji.

Kulinda akiba

Sababu ya pili ni hofu ya kuporomoka kwa thamani ya shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi takriban shilingi 160. Aliyeweka akiba yake katika shilingi aliona uwezo wake wa kununua bidhaa za kutoka nje ukipungua mwezi baada ya mwezi.

Kufungua akaunti ya dola katika benki si jambo rahisi kwa mchuuzi. Badala yake wapo wanaonunua sarafu thabiti, yaani sarafu ya kidijitali inayokusudiwa kuwa na thamani sawa na dola moja wakati wote. Iliyoenea zaidi ni USDT ya kampuni ya Tether, iliyoanza mwaka wa 2014. Kwa simu tu, mtu anaweza kuhifadhi kiasi kidogo ambacho benki isingekubali kukihangaikia.

Hapa msomaji anahitaji kutenganisha mambo mawili. Si kila sarafu ya kidijitali haina karani. USDT ina kampuni inayoitoa, na kampuni hiyo inaweza kuzizuia sarafu zilizo katika pochi fulani ikiagizwa na vyombo vya dola. Anayeinunua anaikimbia ahadi ya serikali yake na kuikumbatia ahadi ya kampuni ya kigeni pamoja na ya serikali ya Marekani. Huenda hiyo ikawa ahadi bora, lakini bado ni ahadi.

Isitoshe, dola nayo hushuka. Aliyebadilisha shilingi 100,000 Januari 2024 alipata takriban dola 625. Katikati ya mwaka huo dola ilikuwa imerudi karibu na shilingi 129, na akiba yake ilikuwa na thamani ya takriban shilingi 80,600. Alipoteza karibu moja ya tano bila ya kudhulumiwa na mtu.

Kutoomba ruhusa

Sababu ya tatu ni uhuru wa kutumia fedha bila ya kupata idhini ya mtu. Kisa cha BitPesa kinaonyesha uzito wa jambo hilo. Kampuni hiyo ilianzishwa Nairobi mwaka wa 2013 na kutumia Bitcoin kurahisisha malipo ya kimataifa, huku ikitegemea M-Pesa kuwafikishia wateja shilingi. Mwaka wa 2015 Safaricom ilisitisha huduma kwa kampuni ya Lipisha, iliyokuwa ikiiunganisha BitPesa na M-Pesa, kwa hoja kwamba BitPesa haikuwa na idhini ya Benki Kuu. Kampuni hizo mbili zilikwenda Mahakama Kuu, nayo mnamo Desemba 2015 ilikataa kuamuru huduma zirudishwe. Mwezi huo huo Benki Kuu ilitoa ilani ya kuwatahadharisha Wakenya kwamba sarafu kama Bitcoin hazikuwa chini ya usimamizi wowote nchini.

Wapenzi wa sarafu hizi huichukulia kesi hiyo kama ushahidi kwamba mwenye daftari ndiye mwenye neno la mwisho. Wapinzani wao husema kwamba ilimlinda mwananchi dhidi ya biashara isiyokaguliwa. Pande zote mbili zina hoja, na ubishi huo haujaisha.

Mtaani Kibera, jijini Nairobi, asasi ya AfriBit Africa imekuwa ikiwahimiza wakazi wa eneo la Soweto Magharibi kutumia Bitcoin tangu 2022. Baadhi ya vijana wanaozoa taka hulipwa kwa sarafu hiyo, na vibanda kadhaa huipokea. Hoja ya wanaouendesha mradi huo ni kwamba ada ni ndogo na kwamba asiye na kitambulisho hafungiwi nje.

Sarafu ya kijiji

Sababu ya nne haijulikani sana, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya soko dogo. Kuna nyakati ambapo watu wana bidhaa na wana mahitaji, ila shilingi hazipo. Mwenye mboga anahitaji kushonewa nguo, fundi wa cherehani anahitaji mboga, na wote wawili wameketi wakisubiri mteja mwenye fedha.

Mnamo Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Mpango huo uliongozwa na Will Ruddick, mwanzilishi wa shirika la Grassroots Economics. Siku chache baadaye yeye na baadhi ya wanachama walikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka hayo yaliondolewa mwaka huo huo, na vocha kama hizo zikaenea katika mitaa mingine, ikiwemo Kawangware na Kangemi jijini Nairobi.

Baadaye vocha hizo ziliingizwa katika daftari la kidijitali kwa jina la Sarafu, nazo zikatumika hata kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Wakati wa janga la Covid-19, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilishirikiana na mradi huo katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Takwimu zilizochapishwa na watafiti kuhusu kipindi cha Januari 2020 hadi Juni 2021 zinahusu akaunti takriban 40,000.

Sarafu ya aina hii haimtajirishi mtu kwa kupanda bei. Thamani yake ni bidhaa na kazi za majirani walioikubali. Kwa maana hiyo inafanana na desturi za kusaidiana shambani na vyama vya akina mama kuliko Bitcoin, ila kumbukumbu zake huandikwa kwa utaalamu uleule.

Upande wa pili

Yote yaliyotajwa yana bei yake, na bei hiyo inatokana na chanzo kilekile: hakuna karani.

Kwanza, hakuna wa kulalamikiwa. Ukituma Bitcoin mahali pasipo sahihi, imekwenda. Ukipoteza maneno ya ufunguo wako, hakuna afisa wa kukupa mengine. Mtu mmoja wa Newport, Wales, ambaye kifaa chenye ufunguo wa zaidi ya Bitcoin 7,000 kilitupwa jalalani mwaka wa 2013, alihangaika kwa zaidi ya miaka kumi akitaka kuruhusiwa kulichimbua jalala hilo. Mahakama ilitupilia mbali kesi yake Januari 2025.

Pili, watu wengi hawazihifadhi sarafu wenyewe. Huziacha katika masoko ya mtandaoni, na hivyo kumrudisha karani waliyetaka kumkwepa, tena karani asiyekaguliwa. Soko la Mt. Gox la Japan lilifilisika Februari 2014 likitangaza kupotea kwa takriban Bitcoin 850,000, ingawa sehemu yake ilipatikana baadaye. Soko la FTX lilianguka Novemba 2022 na kuwaacha wateja wengi bila ya fedha zao.

Tatu, bei haitabiriki. Novemba 2021 Bitcoin moja iliuzwa kwa takriban dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Mnamo Desemba 2024 ilipita dola 100,000. Aliyenunua kwa karo ya mwanawe katika kilele cha 2021 na kulazimika kuuza muhula wa mwisho wa 2022 alibaki na takriban robo ya fedha zake. Kupanda kwa bei miaka miwili baadaye hakungemrudisha mtoto darasani.

Nne, matapeli hujificha nyuma ya jina la utaalamu huu. OneCoin, iliyoanzishwa nchini Bulgaria mwaka wa 2014, iliuzwa katika nchi nyingi, ikiwemo Uganda. Ilijiita sarafu ya kidijitali ilhali haikuwa na daftari la hadharani hata kidogo. Ulikuwa ni mchezo wa upatu: fedha za waliojiunga baadaye ziliwalipa waliotangulia. Mwasisi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017.

Tano, kuna gharama zisizo za fedha. Mnamo Julai na Agosti 2023 maelfu ya Wakenya walipiga foleni, hasa jijini Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti 2, 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Njaa ya shilingi 7,000 iliwafanya watu wengi kutoa alama ya mwili isiyoweza kubadilishwa kama nambari ya siri.

Mwisho, daftari bora kuliko yote haliwezi kumlazimisha mdaiwa kulipa. Wakulima wa miwa wa Kakamega ambao walidai malipo yao kabla ya kiwanda cha sukari cha Mumias kuwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019 hawakukosa njia ya kupokea fedha. Walikosa kulipwa. Shida ya aina hiyo huamuliwa na sheria na mahakama, si aina ya sarafu.

Sheria inasemaje?

Kwa miaka mingi Kenya iliziacha sarafu hizi zikae kivulini. Mabadiliko yalianza kupitia ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inapouzwa au kubadilishwa, kuanzia Septemba mwaka huo. Ushuru huo ulifutwa na Sheria ya Fedha ya 2025, na badala yake ada zinazotozwa na watoaji huduma zikawekewa ushuru wa asilimia 10.

Februari 2024 Kenya iliingizwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kupambana na ulanguzi wa fedha, jambo lililoongeza msukumo wa kuwa na sheria kamili. Mnamo Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoaji huduma za mali ya kidijitali, inayowataka wawe na leseni. Usimamizi umegawanywa baina ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji.

Sheria hiyo haijaifanya Bitcoin kuwa fedha halali ya nchi. Hakuna mfanyabiashara, awe wa Lubao au wa Nairobi, anayelazimishwa kuipokea. Pia haizuii bei kushuka wala haimrudishii mtu ufunguo aliopoteza. Inachofanya ni kumwajibisha karani pale ambapo karani yupo.

Kabla ya kuinunua

Swali la maana kwa mwananchi si kama sarafu hizi ni nzuri au mbaya. Ni nani amesimama katikati ya malipo yake, na je, mtu huyo anamfaa au anamwumiza? Mwuza mbwa anayelipwa na mnunuzi aliye mbele yake hapati nafuu yoyote kwa kumwondoa karani. Mzazi anayepokea fedha kutoka ng'ambo, au kijana anayefanyia kazi kampuni ya nje, huenda akaipata. Afanye hesabu ya njia zote mbili, akijumlisha ada ya kutuma, tofauti ya bei ya kununua na kuuza, na ada ya kutoa shilingi, kisha achague iliyo nafuu.

Anayeamua kuitumia aanze na kiasi ambacho kikipotea hakitamkosesha mlo wala karo. Asitumie fedha za mkopo. Maneno ya ufunguo wake ayaandike kwenye karatasi na kuyaweka mahali pa siri, asiyapige picha kwa simu wala kumwambia wakala. Anapouza kwa mtu asiyemjua, asiachilie sarafu kabla ya kuhakikisha kwamba shilingi zimeingia kwa kuangalia salio lake mwenyewe, kwani ujumbe wa simu hughushiwa. Atafute kama kampuni anayoitumia ina leseni. Na akiahidiwa faida ya uhakika kila mwezi, ajue kwamba hapo hapauzwi sarafu: Bitcoin haina mtu wa kutoa ahadi kama hiyo.